Ukilazimishwa Kuandika Barua ya Kuacha Kazi: Mwongozo Kamili kwa Mwajiriwa wa Tanzania Bara

Mara nyingi jambo hili huanza kwa upole. Unaitwa ofisini jioni, wenzako wakiwa wameanza kuondoka, unakaribishwa kiti, na meneja anakuambia kwamba kampuni imekuthamini sana lakini mambo yamebadilika, hivyo ni heri uandike barua ya kuacha kazi ili rekodi yako ibaki safi. Wakati mwingine barua yenyewe imekwisha kuchapwa na jina lako limo. Kinachosubiriwa ni saini tu. Kwingine hakuna anayekuambia neno: unanyang'anywa majukumu, meza yako inahamishiwa stoo, mshahara unachelewa kwako peke yako, mpaka siku moja unachoka na kuandika barua mwenyewe. Sheria ya Tanzania Bara inazitambua hali zote mbili, na haitosheki na kichwa cha habari kilichoandikwa juu ya barua. Inachouliza ni nani hasa aliyeuvunja uhusiano wa kazi.

Mwongozo huu unamhusu mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara. Namba za vifungu ninazotaja ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwamo ya mwaka 2025, kwa hiyo unapoandika jambo rasmi linganisha namba na toleo linalotumika.

Kwa nini mwajiri anaitaka barua yako

Ukilielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi. Mwajiri anayemwachisha mtu kazi anabanwa na kifungu cha 37: lazima awe na sababu halali na ya haki, inayotokana na mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli, na lazima afuate utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha hayo. Akitaka kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka upunguzaji na vigezo vya kuwachagua watakaoondoka. Juu ya hapo kuna notisi na kiinua mgongo.

Barua ya kuacha kazi kwa hiari inamwondolea yote hayo kwa mkupuo. Mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako, kwa sababu sasa ni wewe unayedai kwamba karatasi yenye saini yako haisemi ukweli. Kiinua mgongo kinapotea, kwa kuwa kinalipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Na kuna hasara nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: fao la kukosa ajira linalotolewa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo ile "rekodi safi" unayoahidiwa ina gharama, na gharama hiyo unailipa wewe.

Ngao yako iko katika kifungu cha 36. Humo, maana ya kusitishwa kwa ajira inajumuisha pia pale mfanyakazi anapoacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kuendelea na kazi yasivumilike. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinalifafanua jambo hilo katika kanuni ya 7: ikithibitika kwamba mwajiri ndiye aliyeifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akaondoka, kisheria mwajiri ndiye aliyemwachisha kazi.

Hatua ya kwanza: usitie saini siku hiyo

Hakuna kifungu kinachomlazimisha mfanyakazi kuandika barua ya kuacha kazi, wala kukataa kuiandika si kosa la kinidhamu. Jibu linalofaa ni fupi na la heshima: "Nimekusikia, mheshimiwa. Naomba nipewe hoja hizi kwa maandishi nami nitajibu kwa maandishi." Usibishane, usitukane, usitoke ukibamiza mlango, hasira yako ya dakika tano inaweza kugeuzwa kuwa kosa la utovu wa nidhamu, na hapo utakuwa umemkabidhi mwajiri sababu aliyokuwa akiitafuta. Ukiambiwa kwamba usipotia saini hutatoka humo ofisini, au kwamba polisi wanaitwa, kumbuka maneno hayo yalivyotamkwa, neno kwa neno, kwa kuwa ndiyo yatakayoonyesha baadaye kwamba hapakuwa na hiari.

Je, kama umeshatia saini? Mambo hayajaharibika, lakini muda ni adui yako. Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, mwandikie mwajiri barua au baruapepe ukieleza kwamba saini ile uliitoa kwa shinikizo, taja nani walikuwapo, saa ngapi, na nini kilisemwa, kisha sema wazi kwamba unaiondoa barua hiyo na uko tayari kuendelea na kazi. Halafu ripoti kazini kama kawaida. Ukizuiwa getini, hilo nalo ni ushahidi: andika saa, jina la mlinzi na maneno aliyoagizwa kukuambia. Mtu aliyelazimishwa akakaa kimya wiki tatu, huku akichukua malipo yake ya mwisho na kuwaaga wenzake kwenye kundi la WhatsApp kwa maneno ya shukrani, atapata taabu kubwa kumshawishi mwamuzi kwamba hakuondoka kwa ridhaa. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapa.

Hatua ya pili: jitambue uko kundi gani

Haki ya kupinga kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Ndivyo kifungu cha 35 kinavyosema. Hata hivyo aliye chini ya miezi 6 bado analindwa dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji kazini chini ya kifungu cha 7, na bado anaweza kudai mshahara na haki nyingine alizokwisha kuzitolea jasho.

Mwenye mkataba wa muda maalumu awe mwangalifu zaidi. Kanuni ya 6 ya Kanuni za Utendaji Bora inamruhusu kuacha kazi kabla ya muda kuisha pale tu mwajiri anapokuwa amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa. Vinginevyo anahitaji makubaliano na mwajiri. Akiondoka kwa hasira bila kuonyesha uvunjaji huo, anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa.

Watumishi wa umma wana njia yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inawataka wamalize kwanza ngazi za rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kutumia sheria za kazi. Zanzibar nako kuna sheria zake, yaani Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya mwaka huo huo. Na msomaji wa Kenya asichukue tarehe za humu: kwao madai ya mkataba wa ajira yana ukomo wa miaka 3, ilhali huku Bara, kama tutakavyoona, ni siku 30. Ushauri wa jamaa aliyeko Nairobi unaweza kukupotezea kesi.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi ukiwa bado ndani

Ukishatoka getini, baruapepe ya kazini inafungwa, mafaili hayafikiki, na wenzako wanaanza kuogopa kupokea simu yako. Kazi ya kukusanya kumbukumbu inafanyika kabla.

Anza na daftari. Nunua daftari la kawaida, liache nyumbani, na kila jioni andika kilichotokea: tarehe, saa, mahali, nani alikuwapo, maneno yaliyosemwa, na wewe ulijibu nini. Usiandike hisia tu. "Meneja alininyanyasa leo" haina uzito mbele ya mwamuzi. "Tarehe 12, saa nne asubuhi, mbele ya watunza stoo wawili, meneja aliniambia kuwa nisipoandika barua kufikia Ijumaa atanitafutia kosa" ina uzito, kwa sababu inaweza kuulizwa, kukaguliwa na kuthibitishwa na mtu mwingine.

Kisha kusanya nyaraka zinazokuhusu wewe: mkataba wa ajira, maelezo ya kazi, hati za mshahara za miezi kadhaa kabla na baada ya shinikizo kuanza, tathmini za utendaji, barua za onyo na majibu yako, barua za uhamisho, maombi ya likizo na majibu yake. Tathmini nzuri ya mwezi Machi ikifuatiwa na barua tatu za onyo mwezi Aprili inaeleza hadithi ambayo shahidi yeyote angehangaika kuieleza. Lakini usichukue nyaraka za siri za mwajiri zisizokuhusu, kama orodha ya wateja au taarifa za fedha, wala usijitumie mafaili mazima ya ofisi; utakuwa umejitengenezea kosa halisi la kinidhamu.

Ujumbe wa simu na baruapepe vinapokelewa kama ushahidi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeweka msingi wa hilo. Picha ya skrini inasaidia, ila usifute mazungumzo ya awali wala kuibadilisha simu, kwa kuwa upande wa pili anaweza kudai picha imechezewa. Hifadhi mazungumzo yote, hata yale ambayo wewe mwenyewe hukupendeza. Kukata vipande vinavyokufaa kunaonekana haraka.

Kama shinikizo lilikuja kwa mdomo tu, litengenezee karatasi. Baada ya kikao, tuma baruapepe ya mistari mitatu: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya leo saa tisa alasiri, ambapo ulinitaka niandike barua ya kuacha kazi kabla ya Ijumaa. Nilieleza kwamba sikusudii kuacha kazi. Naomba unisahihishe kama nimeelewa vibaya." Asipojibu, ukimya wake utasomwa. Akijibu kwa kukanusha, angalau umeonyesha kwamba malalamiko yako hayakubuniwa baada ya ajira kuisha. Sijaona silaha nyepesi na yenye makali kuliko hii mikononi mwa mfanyakazi wa kawaida.

Hatua ya nne: lalamika ndani, kwa maandishi

Hatua hii watu huiruka kwa kuiona haina maana, kwani huyo wa kulalamikiwa ndiye huyo huyo wa kupokea malalamiko. Lakini soma tena kanuni ya 7. Inataja mambo mawili yanayoweza kuhalalisha kuacha kazi kwa kulazimishwa: unyanyasaji wa kijinsia au kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, na kutendewa isivyo haki. Kuhusu hilo la pili, kanuni inaweka sharti kwamba mfanyakazi awe ametumia njia zilizopo za kushughulikia malalamiko, isipokuwa kama ana sababu nzuri za kutofanya hivyo. Kumbe barua ya malalamiko ni sehemu ya kesi yenyewe.

Mwandikie afisa utumishi au ngazi iliyo juu ya huyo anayekusumbua. Eleza matukio kwa tarehe, taja unachoomba kifanyike, na weka muda wa kujibiwa, tuseme siku saba za kazi. Peleka nakala mbili na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa baruapepe au kwa posta ya rejesta na utunze risiti. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, iwe TUICO, CHODAWU, TAMICO au kingine, mwarifu mwenyekiti wa tawi na umwombe ashiriki kikao. Afisa Kazi wa mkoa naye ana mamlaka ya kukagua sehemu za kazi na kumwagiza mwajiri azingatie sheria, na msaada wake unafaa zaidi pale ambapo shinikizo limechukua sura ya kuzuia mshahara au kuukata kinyume na kifungu cha 28.

Hatua ya tano: amua kubaki, kupatana au kuondoka

Njia ya kwanza ni kubaki. Ikiwa umeambiwa "andika barua au tukufungulie mashtaka ya nidhamu", mara nyingi ni afadhali uache mashtaka yafunguliwe ujitetee. Sisemi hivyo kwa ushujaa. Mwajiri akiitisha kikao cha nidhamu atalazimika kukupa mashtaka kwa maandishi, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, nafasi ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, na nafasi ya kuleta mashahidi. Akikuachisha kazi baada ya hapo, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Isipokuwa kama kweli umetenda kosa kubwa, na unajua kwamba ushahidi upo: hapo kuondoka kwa makubaliano kunaweza kukufaa, na hilo ni vizuri ulipime na mwanasheria kwa ukweli, si kwa kumficha.

Njia ya pili ni kupatana. Kanuni zinaruhusu ajira kumalizika kwa makubaliano ya pande mbili, na hakuna aibu katika kuitumia njia hiyo ikiwa bei ni ya haki. Kabla ya kutaja kiasi, piga hesabu ya unachostahili hata kama wangekuachisha kihalali kwa sababu isiyo kosa la nidhamu: mshahara hadi siku ya mwisho, malipo ya siku za likizo ya mwaka ambazo hukuzichukua, notisi ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, ikiwa umefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi, pamoja na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa ikiwa ajira imekomea mahali pengine. Hicho ndicho kima cha chini. Ofa isiyozidi hapo si makubaliano. Ni mwajiri anakuuzia mali yako. Waraka wa makubaliano useme kwamba ajira imesitishwa kwa makubaliano, utaje kiasi na tarehe ya kulipwa, na ueleze barua ya utambulisho utakayopewa. Jihadhari na sentensi ya "sina dai lolote dhidi ya mwajiri" inayojificha kwenye fomu ya kupokelea mshahara wa mwisho. Ukilazimika kusaini kupokea stahili ambazo hazina ubishi, andika kwa mkono wako juu ya saini: "Nimepokea bila kuathiri haki yangu ya kudai."

Njia ya tatu, ambayo ni ya mwisho, ni kuondoka na kudai kwamba umelazimishwa. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, katika maamuzi yake imekuwa ikitazama maswali yanayofanana: je, mfanyakazi alikusudia kweli kuumaliza uhusiano wa kazi? Je, kwa macho ya mtu wa kawaida, hali ilikuwa haivumiliki, au ni yeye tu aliyekereka? Je, mwajiri ndiye aliyeitengeneza hali hiyo? Je, ilielekea kuendelea? Na je, kuondoka ndiyo njia pekee ya busara iliyobaki? Kipimo hiki ni kigumu. Bosi mkali, lengo la mauzo lililopandishwa kwa watu wote, uhamisho ulioruhusiwa na mkataba, au barua moja ya onyo, hata isiyo ya haki, kwa kawaida havitoshi. Kushushwa cheo na mshahara bila mazungumzo, kutolipwa miezi kadhaa, kudhalilishwa mara kwa mara mbele ya wenzako, kutongozwa na kiongozi huku uongozi ukifumba macho, au kutishwa kwa jela ili utie saini, ni mambo ya uzito mwingine.

Chukua mfano wa mhudumu wa hoteli ambaye, baada ya kueleza kuwa ni mjamzito, anahamishiwa zamu za usiku peke yake, anapunguziwa siku za kazi na mshahara pamoja nazo, kisha anaambiwa na msimamizi kwamba "hoteli si wodi". Ameandika malalamiko mara mbili bila kujibiwa. Huyu ana msingi mzuri, kwa kuwa ana tarehe, ana karatasi, na kifungu cha 37 kinataja waziwazi kwamba ujauzito hauwezi kuwa sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Mwenzake wa zamu hiyo hiyo anayeondoka kwa sababu tu hapendi kufanya kazi usiku hana kesi.

Barua ya kuondoka iandikwe vipi

Ukiamua kuondoka kwa njia ya tatu, barua yako ndiyo hati ya kwanza itakayosomwa, na ndiyo watu wanayoiharibu kwa adabu iliyopitiliza. Tumelelewa kuaga vizuri, hivyo mtu aliyenyanyaswa mwaka mzima anaandika: "Naishukuru kampuni kwa nafasi niliyopewa, naacha kazi kwa sababu binafsi." Sentensi hiyo moja inaweza kufunika ushahidi wote uliokusanya. Andika badala yake:

"YAH: KUACHA KAZI KUTOKANA NA MAZINGIRA YASIYOVUMILIKA

Rejea barua zangu za malalamiko za tarehe (taja) na (taja), ambazo hazijajibiwa. Kutokana na mambo yafuatayo (yaorodheshe kwa tarehe), mwajiri ameyafanya mazingira ya kuendelea na kazi yasivumilike, nami sina njia nyingine iliyobaki ila kuondoka kuanzia leo. Siondoki kwa hiari yangu. Nahesabu tendo hili kuwa ni kuachishwa kazi na mwajiri kwa mujibu wa kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na ninahifadhi haki zangu zote."

Haihitaji kuwa ndefu kuliko hapo. Usitumie matusi, usitishie kwenda magazetini, na usitaje sababu ambayo huwezi kuithibitisha. Mali ya ofisi irudishwe yote, kwa hati ya makabidhiano iliyosainiwa na pande mbili.

Hatua ya sita: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30

Madai ya kuachishwa kazi hayaanzii mahakamani wala kwa mkuu wa wilaya. Yanaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, yenye ofisi mikoani. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa; migogoro mingine ina siku 60. Siku za Jumamosi na Jumapili usizitoe katika hesabu. Tarehe ikiwa na utata, kwa mfano barua iliandikwa tarehe 3 lakini notisi ikaisha tarehe 31, hesabu kuanzia ile ya mapema ili usiache mwanya wa pingamizi. Mazungumzo ya kupatana na mwajiri hayasimamishi saa. Wapo waajiri wanaolijua hili, wanakuita kwenye kikao baada ya kikao kwa maneno matamu mpaka siku ya 31.

Utajaza Fomu Na. 1 ya Tume, na Tume haitozi ada kwa hilo. Ijaze bila haraka, kwa sababu utafungwa na ulichoandika. Aina ya mgogoro iwe ni kusitishwa kwa ajira, na sehemu ya pili ya fomu inayohusu madai hayo ijazwe pia. Tarehe ya mgogoro ilingane na barua zako. Mahali pa matokeo unayotaka, andika kila dai kwa kiasi chake: fidia, notisi, likizo, kiinua mgongo, malimbikizo ya mshahara. Dai uliloliacha ni vigumu kuliingiza baadaye. Mpelekee mwajiri nakala kwanza na uwe na uthibitisho kwamba ameipokea.

Ukichelewa, ambatanisha Fomu Na. 2 ya kuomba kusamehewa kuchelewa, na hapo utaeleza umechelewa siku ngapi, sababu ya kila siku, na nguvu ya madai yako. Kulazwa hospitali kwa cheti ni sababu. "Sikujua sheria" kwa kawaida haipokelewi.

Kwanza huja usuluhishi. Msuluhishi hana mamlaka ya kukuhukumu, kazi yake ni kuwasaidia mpatane, na sheria inampa siku 30 tangu mgogoro ulipopelekwa. Yanayosemwa humo ni siri, kwa hiyo unaweza kutaja kiasi utakachokubali bila hofu kwamba kitatumiwa dhidi yako baadaye. Mwanachama anaweza kuwakilishwa na chama chake. Vilevile wakili au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe anaruhusiwa. Usikose tarehe, kwani mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Kama mkipatana, makubaliano yaliyosainiwa mbele ya Tume yana nguvu ya kutekelezwa.

Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, naye husikiliza ushahidi kwa kiapo. Katika shauri la aina hii wewe ndiye utakayeanza kuonyesha kwamba hukuondoka kwa hiari, na daftari, barua za malalamiko na ile baruapepe ya mistari mitatu ndizo zitakazokubeba. Shahidi mmoja aliyekuwapo chumbani ana thamani kuliko watano waliosikia. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili waende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kinachotoa msaada wa kisheria, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kwa wanawake. Waende mapema, siyo siku ya 29.

Unachoweza kupata

Mwamuzi akiridhika, kifungu cha 40 kinampa njia tatu: kukurudisha kazini kama vile hukuondoka, kukuajiri upya kwa masharti atakayoona yanafaa, au kuamuru ulipwe fidia. Kwa aliyeondoka kwa sababu mazingira hayavumiliki, kurudishwa hakuelekei kuwa na maana, na kanuni zenyewe zinamwelekeza mwamuzi asiamuru hivyo pale uhusiano ulipokwisha kuharibika au mfanyakazi asipotaka. Kwa hiyo omba fidia. Sheria ilipotungwa iliweka kiwango cha chini cha ujira wa miezi 12. Kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2025 yaligusa pia fidia, mwombe anayekuandalia fomu akuonyeshe kifungu kilivyo sasa. Fidia hii ni nyongeza juu ya stahili zako nyingine, haizimezi.

Omba pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa ajira inapoisha kwa namna yoyote ile, hata kama mmeachana kwa ubaya.

Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ana wiki sita, tangu alipopatiwa tuzo hiyo, kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie. Baada ya hapo Mahakama ya Rufani husikiliza hoja za kisheria tu. Wiki hizo sita zinamhusu mwajiri sawa na wewe. Zikipita bila yeye kuwasilisha maombi na bado hajalipa, peleka tuzo Mahakama Kuu uombe ikaziwe, yaani itekelezwe, kama hukumu ya mahakama.